HOTUBA YA MWENYEKITI SIKU YA MAADHIMISHO YA MIAKA KUMI: KUPAKA RANGI NYWELE NYUMBANI NA SHILINGI YA MAMA



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Wapo wenzetu tulioanza nao ambao hawapo tena duniani. Naomba tusimame dakika moja tuwakumbuke. Ahsanteni, tukae.

Ndugu Mgeni Rasmi, mimi elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo hotuba yangu haitakuwa na maneno makubwa. Habari za hisa, mikopo na faida Mweka Hazina ameshazisoma, na katika kitabu hiki zimechapwa. Mimi kamati imenipa kazi nyingine. Wanachama waliulizwa ni somo gani katika miaka hii kumi limewasaidia nyumbani mwao, mbali na mikopo. Wengi wakasema, "Mwenyekiti, tuzungumzie lile somo la rangi ya nywele." Wapo watakaocheka. Chekeni, lakini mkimaliza mnisikilize, maana jambo hili lilitugusa mfuko, likatugusa afya, na nusura lituvunjie kikundi.

Tulipoanza kikundi hiki pale Ngamiani, wengi wetu vichwa vilikuwa vyeusi. Miaka kumi siyo mchezo, mvi zimetufika. Na sisi ni watu wa biashara. Yupo mwenye genge, yupo mwenye mgahawa, yupo anayeuza vitenge, yupo anayepika kwenye shughuli za watu. Mama mmoja alituambia kwamba mteja alimtazama kichwa akamwuliza, "Bibi, hii kazi utaiweza?" Akakosa tenda ya pilau ya watu mia mbili. Kwa hiyo msiseme mama anayepaka rangi anatafuta ujana tu. Mwingine anatafuta unga wa watoto.

Sasa tufanye hesabu, kama tunavyofanya kila Jumamosi. Huu ni mfano tu, bei zinapanda na kushuka. Tuseme saluni unalipa shilingi 20,000, na unarudia baada ya wiki sita, maana mizizi inaonekana. Kwa mwaka hizo ni mara nane, ambazo ni shilingi 160,000. Ukinunua boksi la shilingi 6,000 ukapaka nyumbani, ukaongeza shilingi 1,000 ya glavu na mafuta, ni shilingi 7,000. Mara nane ni shilingi 56,000. Tofauti ni shilingi 104,000. Hisa yetu moja ni shilingi 2,000. Maana yake ni hisa 52, yaani hisa moja ya ziada kila wiki ya Mungu, mwaka mzima. Haba na haba hujaza kibaba. Ndiyo sababu wanachama wengi waliamua kupaka wenyewe, na mimi siwalaumu.

Lakini hesabu ina upande wa pili. Mwenzetu mmoja, jina namwachia mwenyewe, alikuwa na safari ya kwenda kumtoa mwali. Akanunua unga mweusi wa kupimiwa, ule tunaouita piko, kwa shilingi 1,500. Kipakti hakina jina, hakina tarehe, hakina maelezo. Akakoroga na maji, akapaka usiku, akalala nao. Alfajiri macho hayafunguki. Uso umevimba, masikio yanatoa maji, kichwa chote kinawaka moto. Bajaji kwenda na kurudi shilingi 8,000, daktari 10,000, dawa 28,000. Mgahawa ulifungwa siku sita, na kwa siku alikuwa akipata faida ya shilingi 12,000 hivi, basi 72,000 zikapotea. Jumlisha: shilingi 118,000. Akiba yote ya mwaka imekwenda na bado anadaiwa. Na mwali alitolewa yeye hayupo.

Hilo siyo lililoniuma sana. Lililoniuma ni kwamba alikaa mikutano miwili bila kuja. Akatuma faini na mtoto, akasema ana malaria. Mtu ana kitabu cha hisa chetu, ana haki ya mfuko wa jamii, halafu anajificha ndani kwa aibu! Tulipogundua, tukaleta ombi la msaada mkutanoni, hapo ndipo moto ulipowaka. Wako waliosema, "Mfuko ni wa misiba na ugonjwa, siyo wa urembo." Wako waliosema, "Aliyataka mwenyewe." Wengine wakajibu, "Mbona mume wa fulani alianguka na pikipiki akiwa amelewa na tulitoa?" Jamani, siku ile nilifikiri sanduku litagawanywa pale pale. Watunza funguo watatu walikuwa kila mmoja na upande wake.

Uamuzi tulioufikia, na sasa umo katika katiba yetu, ni kwamba mgonjwa ni mgonjwa. Mfuko hauulizi ugonjwa umepatikana kwa njia gani. Pesa akapewa. Na nafikiri uamuzi ule uliokoa zaidi ya kichwa cha mtu mmoja, maana tangu hapo watu wanasema mapema wanapoumwa. Ugonjwa uliofichwa ndio unaogharimu.

Baada ya hapo tukasema tusiishie kutoa pesa, tujifunze. Tukamwomba nesi, ambaye ni binti wa mmoja wetu, aje atufundishe. Nitaeleza aliyotufundisha kwa mpango, ili mwenye kusoma kitabu hiki aweke nyumbani.

Kwanza, tujue mvi ni nini. Nywele hupata weusi wake kutokana na kitu kinaitwa melanini, kinachotengenezwa kwenye shina la unywele ndani ya ngozi. Umri ukienda, shina linaacha kukitengeneza, unywele unatoka mtupu. Kwa hiyo rangi unayopaka inakaa kwenye unywele uliokwisha toka tu. Unaoota chini utakuja mweupe vile vile. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Ndiyo maana kazi hii haina mwisho, na anayeianza ajue ameianzisha kama anavyoanza marejesho.

Pili, tujue rangi zenyewe. Ipo hina yetu, majani ya mhina tunayoyaponda. Hina halisi kwenye mvi inatoa rangi ya machungwa au wekundu. Haitoi weusi hata ukae nayo siku nzima. Ukiuziwa "hina nyeusi" inayoshika upesi, ujue imechanganywa. Ipo rangi ya boksi yenye chupa mbili. Chupa moja ina rangi, nyingine ina maji ya kufungulia, yanaitwa haidrojeni peroksaidi. Yakichanganywa, chembe ndogo za rangi zinaingia ndani ya unywele, zinaungana huko zinakuwa kubwa, haziwezi kutoka. Rangi za aina hii watu wa Ulaya walizianza zamani. Mfaransa Eugène Schueller alitengeneza yake mwaka 1907, na mwaka 1909 akafungua kampuni ambayo leo ni L'Oréal. Halafu upo huo unga mweusi wa vipakti.

Rangi nyingi nyeusi, za boksi na za unga, zina kemikali inayoitwa parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Jina gumu, lakini lijueni, mlitafute kwenye boksi. Hiyo ndiyo inayoleta weusi mzuri, na hiyo ndiyo inayowavimbisha watu. Nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka kikomo kwamba ikishachanganywa isizidi asilimia 2 kichwani. Marekani hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Sasa kipakti kisicho na maandishi, nani amepima humo ndani?

Tatu, aleji, au mzio. Hapa naomba tusikilizane sana. Watu wanasema, "Mimi nimepaka miaka mitano, sijawahi kudhurika." Nesi alitueleza kwamba mwili unaweza kuipokea rangi mara ya kwanza, ya pili, hata ya kumi, huku unajiandaa kuikataa. Siku ukiikataa, umeikataa maisha. Na mabinti wetu wanaochorwa piko mikononi kwenye harusi, wapo ambao mwili unaanza kukataa pale pale kwenye mkono. Miaka ikipita akipaka kichwani, anavimba vibaya. Kwa hiyo, akina mama, harusini tuwachore watoto hina ya majani. Tuache piko.

Nne, na hili ni la kufa na kupona. Unga huo ukimezwa ni sumu kali. Koo na shingo vinavimba mpaka mtu anakosa pumzi, halafu misuli na figo vinaharibika. Sudan, Morocco, India na Pakistan madaktari wameandika habari za watu waliokufa kwa kuunywa. Sisi tunauweka kabatini pamoja na iliki na manjano! Kuanzia leo, unga wa piko usikae jikoni, usikae mtoto anapofika. Mtu akiumeza, msimpe maziwa mkasubiri. Mpakieni kwenye gari la kwanza, hospitali.

Tano, namna ya kupaka kwa usalama. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na yamebandikwa ndani ya mfuniko wa sanduku letu:

1. Nunua boksi lenye jina la mtengenezaji, viambato na tarehe ya kuisha muda wake. Vipodozi hapa Tanzania tangu mwaka 2019 vinasimamiwa na Shirika la Viwango, yaani TBS. Zamani ilikuwa TFDA. Ukitilia shaka bidhaa, wapelekee taarifa.

2. Fanya jaribio siku mbili kabla. Paka kidogo, kama maelezo ya boksi yanavyosema, nyuma ya sikio au kwenye kunjo la mkono, uache mpaka saa 48 zipite. Kukiwasha, kukiwa kwekundu au kukitoa malengelenge, hilo boksi siyo lako. Fanya hivyo kila mara, hata kama ni rangi ile ile. Kwa hiyo usinunue rangi leo kwa harusi ya kesho.

3. Kichwa kikiwa na kidonda, mba uliokwanguliwa au mikwaruzo ya kitana, subiri kipone.

4. Usipake siku moja na dawa ya kulainisha nywele. Acha wiki mbili zipite. Dawa mbili kali juu ya kichwa kimoja, nywele zinakatika kama nyasi za kiangazi. Ukipoteza sentimita 15, kwa mwendo wa sentimita moja kwa mwezi, utangoja mwaka na miezi mitatu.

5. Vaa glavu. Zamani tulikuwa tukivaa mifuko ya rambo mikononi, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku Juni 2019, na hata hivyo ilikuwa ikivuja. Glavu za duka la dawa siyo ghali. Paka mafuta ya mgando kwenye paji la uso, masikio na shingo, rangi isishike ngozi. Jifunge kitenge chakavu.

6. Changanya kwenye bakuli la plastiki, siyo sufuria wala bakuli la bati. Fungua madirisha.

7. Tazama saa. Boksi likisema dakika 30, ni dakika 30. Usilale na rangi. Kuzidisha muda hakuzidishi weusi, kunazidisha madhara.

8. Suuza mpaka maji yatoke meupe. Rangi iliyobaki ikiwa imechanganywa imwage. Usiihifadhi kwenye chupa iliyofungwa, hewa inajaa ndani na chupa inaweza kupasuka.

9. Usipake nyusi wala kope kwa rangi ya kichwani. Macho yanaweza kupofuka.

10. Ukiona uso unavimba au pumzi inabana, suuza kwa maji mengi na nenda hospitali wakati huo huo. Nenda na boksi, daktari asome.

Ndugu zangu, mtaniuliza, je, kwa masharti yote hayo, akiba ipo? Ipo. Na kikundi kimeiongeza. Mtu mwenye nywele fupi hatumii boksi zima, na nimeshasema rangi iliyochanganywa haiwekwi. Basi wanachama wawili wawili wananunua boksi moja, kila mmoja anafanya jaribio lake kabla, halafu Jumamosi baada ya mkutano wanapakana. Kila mtu na brashi yake. Faida yake siyo pesa tu. Kisogo chako hukioni, mwenzako anakiona. Ule mtindo wa kupaka peke yako bafuni kwa kioo cha mkononi ndio unaoacha madoa kama paka wa mtaani.

Sasa kuna ndugu zetu wawili humu wenye saluni. Walikuja kwangu wamenuna. "Mwenyekiti, unatumalizia wateja." Nikawaambia na leo nawaambia mbele ya Mgeni Rasmi, kazi yenu ipo, na ni ile ya ufundi. Kupaka nyeusi juu ya mvi mtu anaweza nyumbani. Lakini kutoa nyeusi kwenda kahawia au dhahabu, hiyo ni kublichi, na rangi haiwezi kung'arisha rangi iliyokwisha pakwa. Anayejaribu nyumbani anapata kichwa cha chungwa. Hiyo tumwachie fundi. Mwenye nywele zenye dawa, tumwachie fundi. Aliyekwisha haribu, fundi ndiye daktari wake. Na ninyi mafundi, jihurumieni. Mwanachama anapaka mara nane kwa mwaka, ninyi mnashika rangi kila siku. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2010 lilichapisha kwamba kazi ya saluni huenda ikaongeza hatari ya saratani kwa wanaoifanya. Kwa mtu anayepaka kichwa chake binafsi, lilisema ushahidi hautoshi kukata shauri. Kwa hiyo glavu siyo maringo, na dirisha la saluni lisizibwe na bango la matangazo. Mwaka jana tuliwapa mkopo mmoja wao akatoboa dirisha la pili, na tunaomba mwingine naye alete maombi.

Neno langu kwa akina baba. Mama akitoa shilingi 7,000 yake aliyoichuma kwenye moshi wa maandazi akapaka kichwa chake, msimwulize anampakia nani. Na akiamua kuziacha mvi zake zionekane, msimwambie amejiachia. Wapo humu waliosema, "Mimi rangi basi," na hiyo tofauti yote wanaiweka kwenye hisa. Hao ndio wanaoongoza kwa akiba, mkitaka kujua. Mimi mwenyewe napaka hina ya uani kwangu, na wajukuu wananiita bibi mwekundu. Kila mtu na kichwa chake, ilimradi asijiumize na asikope kwa ajili hiyo. Mkopo wa kikundi siyo wa rangi, hilo katiba imelikataza na halibadiliki.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kwako ni moja. Katika zahanati yetu akina mama wanafundishwa lishe na uzazi wa mpango, ni mambo mazuri. Tunaomba somo la vipodozi nalo liingie, hasa kwa wasichana, kabla hawajachorwa piko. Na tunaomba maofisa wapite sokoni na kwenye minada wakague vipakti visivyo na majina. Sisi tuko tayari kuwaonyesha vinapouzwa.

Kwa wanachama wapya nasema, somo hili mlichukue kwa wengine mtaani hata kama siyo wanachama. Na yule mwenzetu aliyeugua, yupo hapa, amekaa safu ya pili, mgahawa wake umefunguliwa na chakula mtakachokula leo amekipika yeye. Ameniruhusu niseme hayo tu.

 Mgao wa mwaka utaanza saa nane kamili, kila mmoja awe na kitabu chake, na watunza funguo wasiondoke.